Geji ya presha kwa mashine ya zamani ya espreso ya wenzo: kwenye boila, kichwani, kwenye potafilta, au uiache ilivyo?

Mashine yangu ya wenzo niliinunua Kileleshwa, hapa Nairobi, kwa familia iliyokuwa ikifunga virago kuhama nchi. Ni Europiccola ya La Pavoni, ile ndogo ya Milano ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1961. Boila ya lita 0.8, wenzo mmoja, kijibomba cha kioo cha kuonyesha maji, valvu ya usalama, basi. Dada yake mkubwa, Professional, ana boila ya lita 1.6 na geji ya presha juu yake. Hii ndogo haina. Unaiwasha, unasubiri, unasikiliza valvu ikianza kupumua, unavuta, na kinachotoka kikombeni ndicho jibu lako.

Wengi wenye mashine kama hii hufika siku wakataka geji. Shida huanza wanapouliza waifunge wapi, kwa sababu ndani ya mashine ya wenzo kuna presha mbili ambazo hazikaribiani hata kidogo. Ya boila ni ya mvuke, kati ya bar 0.7 na 1 hivi. Ya kichwani, pale pistoni inaposukuma maji kupita kwenye kahawa, hufika bar 6 hadi 9. Geji ya moja haikuambii lolote la maana kuhusu nyingine. Ukifunga ya kichwani wakati tatizo lako liko kwenye boila, utakuwa umefungua mashine na kulipa ushuru wa kuagiza kitu, na kahawa itabaki chachu vilevile.

Nimeziweka njia nne kando kwa kando: geji ya boila, ya kichwani, ya kwenye potafilta (kile kishikio chenye kikapu cha unga wa kahawa kinachofungwa kichwani), na kuacha bila geji. Kila moja nimeiuliza mambo yaleyale. Inajibu swali gani? Inafungwaje, na je, kuna kutoboa? Ina hatari gani kwa mwili na kwa usafi wa kinywaji? Hapa Nairobi vipuri na fundi wanapatikana? Mwisho, inamfaa nani. Mizani haitakuwa sawa kila mahali. Ya boila nitaikalia muda mrefu, kwa sababu mwinuko wa jiji letu unaigusa zaidi kuliko zote.

Geji ya boila

*Swali inalojibu.* Maji yangu yana joto gani? Geji haipimi joto, lakini maji na mvuke vikifungiwa pamoja, presha na joto huenda bega kwa bega. Ukijua moja umeijua nyingine.

Hapa ndipo Nairobi inapoingia. Mshale wa geji hausomi presha kamili. Unasoma tofauti kati ya presha ya ndani ya boila na ya hewa iliyo nje. Milano iko mita 120 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya karibu bar 1. Sisi tuko takriban mita 1,700, na hewa yetu ni karibu bar 0.83. Ndiyo maana sufuria ya hapa huchemka kwenye digrii 94 au 95, si 100. Sasa mashine iliyowekwa kiwandani izime kwenye bar 0.8 huwa na maji ya digrii 117 kule Italia, na vivyo hivyo Mombasa. Ilete Nairobi, mshale usimame palepale kwenye 0.8, na maji ni ya digrii 114 hivi. Digrii tatu zimepotea wala hakuna kilichoharibika. Kuzirudisha, mshale unatakiwa usimame karibu na bar 1.0.

Digrii tatu si kitu kidogo kwa kahawa yetu. SL28 na SL34, mbegu zilizochaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete katika miaka ya 1930, zina ukali wa matunda ndani yake, na ukizikaanga wastani ukali huo unabaki wote. Maji yakipoa kidogo tu, utamu hautoki, unabaki na ndimu tupu. Nimewasikia watu wakilaumu mkono wao, kisagio chao, hata mkulima wa Nyeri, na kumbe swichi ya presha ya mashine, ile inayozima moto presha ikifika kiwango chake, bado inaishi Milano. Swichi ile nayo inapima dhidi ya hewa ya nje, kwa hiyo hata bila geji imekuwa ikikupa maji ya joto la chini siku zote. Geji inakuonyesha jambo hilo na kukupa namba ya kurekebishia. Kabla ya kuipandisha swichi hiyo, hakikisha valvu ya usalama inafanya kazi, na usivuke kiwango cha mtengenezaji.

Kwa mashine za zamani zaidi, zile zenye swichi ya hatua mbili na zisizo na kidhibiti cha presha, geji hii ina faida nyingine. Zamani ulipasha kwa moto mkubwa hadi valvu ilie, kisha ukarudisha moto mdogo. Sasa unarudisha kwa kuangalia mshale badala ya kungoja kilio.

Kuna jambo moja litakalokudanganya. Mashine ikipata moto ikiwa imefungwa, hewa iliyokuwa juu ya maji hutanuka na kuusukuma mshale hadi 0.8 kabla maji hayajafika joto lake. Hiyo ni presha ya hewa, si ya mvuke. Fungua bomba la mvuke kidogo, hewa itoke hadi mvuke mkavu uanze, funga, usubiri ipande tena. Usomaji wa kuamini ni wa baada ya hapo.

*Ufungaji.* Kwenye Europiccola njia nyepesi ni juu ya kile kijibomba cha kioo. Nati ya juu inatoka, kiunganishi chenye nafasi ya geji kinaingia mahali pake. Hakuna kutoboa, na ukitaka kuiuza mashine unairudisha ilivyokuwa. Usikisie hesi kwa macho. Beba nati yenyewe uende nayo. Mabomba ya fundi wetu na viungo vingi vya Italia ni vya ukoo mmoja wa vipimo vya inchi, lakini kwenye mashine kongwe utakutana pia na hesi za milimita, na ukilazimisha unaharibu mdomo wa boila ambao hauna mbadala hapa mjini.

Chagua geji yenye mwisho wa bar 2.5 au 3. Binamu yangu alinipigia simu siku moja akiwa Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri.

"Kaka, nimepata geji ya kompresa, safi kabisa, inafika bar 16. Nikuchukulie ya boila?"

"Hapana, dada. Hapo karibu na sifuri itanisomea nini?"

Hesabu yake ni hii. Geji ya daraja la 2.5 inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya kipimo chake chote. Ikiwa ni ya bar 16, kosa ni bar 0.4 juu au chini. Ukisoma 0.8, ukweli unaweza kuwa 0.4 au 1.2, na hapo unajua kidogo kuliko ulivyojua kwa masikio. Ya bar 2.5, kwa daraja lilelile, hukosea kama bar 0.06.

*Hatari na usafi.* Ndani ya geji kuna kijibomba cha chuma kilichopinda ambacho hunyooka presha ikipanda, kazi ya Mfaransa Eugène Bourdon aliyeipatia hataza mwaka 1849. Katika geji nyingi za bei nafuu kijibomba hicho kimeunganishwa kwa lehemu laini, na joto la kudumu linaloruhusiwa ni digrii 60 tu. Mvuke wa digrii 117 utaichosha. Tafuta geji iliyotengenezwa kwa mvuke, au itanguliwe na bomba lililopindwa mduara mmoja ili mvuke upoe uwe maji humo, na maji hayo yakae kama kinga. Zile zilizojazwa glisarini hutuliza mshale unaotetemeka, lakini boila haitetemeki, na nyingi za aina hiyo hazipendi moto.

Kuna wanaoifunga kwa kiungo cha njia tatu pale kwenye valvu ya usalama. Mimi siifanyi. Chochote kinachopunguza njia ya valvu ile, au bomba la kufunga likiwekwa kati yake na boila, kinageuza chombo cha jikoni kuwa kitu cha kulipuka.

*Upatikanaji.* Geji ya vipimo hivi hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya mvuke Industrial Area. Kiunganishi cha kioo mara nyingi ni cha kuagiza, ama fundi wa lathe anakichonga. Mwambie awali kwamba ni cha maji ya kunywa, asitumie chuma cha mabati wala lehemu yenye risasi.

*Inamfaa* mtu anayepata kahawa chachu isiyoelezeka, mwenye mashine ya swichi mbili, na yeyote anayetaka kujua kwa uhakika kwamba mshale uko sifuri kabla ya kufungua kifuniko kuongeza maji. Hili la mwisho peke yake lingenitosha. Haimfai sana mtu ambaye kikombe cha kwanza ni kizuri na cha nne kimeungua, kwa sababu hapo kinachopanda joto ni kichwa cha mashine. Boila inaweza kusimama imara kwenye 0.9 huku kichwa kikipika kahawa.

Geji ya kichwani

*Swali inalojibu.* Mkono wangu, au springi yangu, unaisukuma kahawa kwa nguvu gani sasa hivi? Hii ndiyo geji pekee inayosoma wakati kahawa halisi inatoka. Ukiinua wenzo, maji ya boila yanaingia na kulowesha unga kwa presha ileile ya boila, chini ya bar 1. Ukishusha, mshale unapanda. Utaona kama unafika 9 na kukaa hapo, au unafika 11 ukishtuka kisha unaanguka 5 mkono ukichoka. Utaona pia kwamba ulipovuta kwa nguvu zote mshale haukupita 4, na hapo kosa si mkono, ni unga uliosagwa kwa chenga kubwa mno.

Kwa mashine ya springi maana yake hubadilika. Springi huanza juu na kushuka taratibu inavyotanuka. Tabia hiyo ni ya kuzaliwa nayo, na ndiyo iliyozipa mashine hizi ladha yao tangu Achille Gaggia alipoleta pistoni ya springi mwishoni mwa miaka ya 1940. Geji itakuonyesha mteremko wenyewe na, miaka ikienda, kama springi imelegea. Haitakupa uwezo wa kuubadilisha.

*Ufungaji.* Kwa mashine ya pistoni inayosukumwa na mkono, seti zilizopo hubadilisha fimbo ya pistoni kwa fimbo yenye tundu katikati, na geji inakaa juu ikipanda na kushuka pamoja na wenzo. Unafungua kichwa chote, na kwa kuwa umeshafungua, badilisha sili zote za mpira. Kwa vichwa vingi vya springi hakuna nafasi hiyo, inabidi kutoboa ubavu wa kichwa. Ukishatoboa hakuna kurudi nyuma. Mashine ya miaka 50 iliyokamilika, mimi singeitoboa.

*Hatari na usafi.* Geji ya bar 16 ndiyo yake, kazi iko katikati ya kipimo ambako husoma vizuri. Presha ni kubwa ila maji ni kidogo, na sili ikivuja utapata mchirizi wa maji moto, si mlipuko. Linalonisumbua zaidi ni usafi. Kijibomba cha ndani ya geji hakina mlango wa pili, kwa hiyo kinachoingia hukaa. Vuta maji matupu mara mbili kila unapomaliza, na mashine ikikaa wiki bila kutumika, fanya hivyo pia kabla ya kuanza. Geji ya kompresa usiilete hapa hata kama vipimo vinalingana. Haikutengenezwa kwa kitu kinachonywewa.

*Upatikanaji.* Ni kuagiza nje, pamoja na ushuru, na lazima ujue kichwa chako ni cha kizazi gani. Europiccola za kabla ya mwaka 2000 hutumia kikapu cha milimita 49, za baadaye 51, na pistoni zake haziingiliani.

*Inamfaa* mtu ambaye joto lake tayari limetulia, ana kisagio kizuri, na anataka kurudia leo kikombe alichokipata jana. Inamfaa pia anayefundisha wengine, kwa kuwa mwanafunzi anaona kwa macho kile ambacho mwalimu anakisikia mkononi.

Potafilta yenye geji

*Swali inalojibu.* Mashine hii inaweza kufikia presha gani? Unaondoa mdomo wa kutolea kahawa, unafunga geji mahali pake, unavuta. Hakuna kahawa, hakuna mtiririko, kwa hiyo unachosoma ni kilele tu. Kinatosha kugundua springi iliyochoka au sili ya pistoni inayopitisha maji: ukishikilia wenzo na mshale unateremka wenyewe, sili imekwisha. Kwa mashine ya mkono inakupa pia kumbukumbu ya misuli. Vuta mara kumi ukiangalia mshale kwenye 9, mkono utakumbuka uzito ule asubuhi inayofuata.

*Ufungaji.* Dakika tano. Potafilta nyingi zina hesi ya inchi 3/8, na fundi bomba yeyote wa hapa anaijua. Hakuna kinachoguswa kwenye mashine yenyewe.

*Hatari na usafi.* Hatari yake ni moja, lakini nzito. Maji hayana pa kutokea, kwa hiyo ukimaliza kuvuta presha inabaki imefungiwa. Ukiifungua potafilta hapo hapo, maji ya moto yatakurukia usoni na mikononi. Nunua au tengeneza yenye valvu ndogo ya kutolea, ifungue kwanza, ngoja mshale ulale, ndipo uzungushe. Kwa mashine ya springi usiachie wenzo kabla hujahakikisha chumba kimejaa maji, maana wenzo ukikosa kizuizi unaruka juu kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Usafi hauna shida, kwani haikai kwenye mashine.

*Upatikanaji.* Rahisi kuliko zote. *Inamfaa* anayenunua mashine ya mkono wa pili na anataka kuipima kabla ya kutoa pesa, na fundi anayetengeneza za watu. Kwa matumizi ya kila siku itakaa kabatini.

Kuacha bila geji

Hii ni njia kamili. Watu wamevuta kahawa nzuri kwa miongo mingi bila mshale wowote.

*Swali inalojibu* hutegemea utakachotumia badala yake. Kipimajoto cha kubandika kwenye kichwa cha mashine kinakuambia lile ambalo geji zote tatu haziwezi: kichwa kiko joto gani kabla ya kuvuta. Kwa Europiccola ya zamani, ambayo ugonjwa wake mkubwa ni kichwa kupata moto kupita kiasi kikombe baada ya kikombe, naona hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua. Andika kilisoma ngapi siku kahawa ilipokuwa tamu, kisha usivute hadi kirudi hapo. Kikipita, kipoze kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Kwa nguvu ya mkono kuna mizani ya bafuni. Weka mashine juu yake, sifurisha kichwani mwako, vuta wima kwenda chini, soma uzito ulioongezeka. Pistoni ya kipenyo cha sentimita 4.8 ina eneo la sentimita 18 za mraba, na bar 9 juu ya eneo hilo ni kama kilo 165. Wenzo unakusaidia. Pima kutoka egemeo hadi mkono wako, gawanya kwa umbali wa kutoka egemeo hadi pini ya pistoni. Jibu likiwa 8, unatakiwa kuongeza kilo 20 na ushee kwenye mizani. Mtu mwingine aishikilie mashine isipinduke.

*Ufungaji* hakuna. *Hatari* ni ile uliyokuwa nayo siku zote: hujui kama boila imelala kabla ya kufungua kifuniko. Chomoa kwenye stima, fungua bomba la mvuke hadi pasitoke kitu, subiri, ndipo ufungue. *Upatikanaji* hauna swali. *Inamfaa* mwenye mashine ya thamani ya ukongwe, na anayevuta vikombe viwili asubuhi na kuzima.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kahawa yako ni chachu kuanzia kikombe cha kwanza, na umeshasaga laini vya kutosha: boila. Anza kwa kutoa hewa, kisha usogeze swichi kuelekea bar 1.0.

Cha kwanza kitamu, cha tatu kichungu: kipimajoto cha kubandika. Geji yoyote hapo ni pesa iliyopotea.

Kahawa hubadilika kila siku bila sababu, joto likiwa lilelile na unga uleule: kichwani, ikiwa pistoni yako ni ya mkono. Ikiwa ni ya springi, tumia potafilta kwanza uone kama springi na sili ni nzima.

Unakwenda Lavington au Karen kuangalia mashine inayouzwa: beba potafilta yenye geji, na uombe waiwashe mbele yako.

Unahama kutoka Nairobi kwenda Mombasa au Kisumu: ikiwa uliiweka swichi kwenye 1.0, iteremshe ukifika pwani hadi karibu 0.8. Kisumu, kwa mita 1,130 hivi, iko katikati.

Unauza kahawa kwa mashine hii kwenye kibanda, watu wamesimama karibu: boila kabla ya yote, na valvu ya usalama ijaribiwe na fundi anayeijua kazi ya mvuke kabla ya siku ya kwanza ya biashara.

Yangu ina kipimajoto kichwani na geji ya bar 2.5 juu ya kioo. Ya kichwani bado sijafunga. Potafilta yenye geji tunayo moja marafiki wanne, na wiki hii iko South B.